Siku ya Soko, Mutu Moja Anabaki

Kwetu, siku ya soko, mutu moja lazima abaki. Hata ikiwa karibu na Noeli, hata kama jirani anazika. Nilipokuwa mutoto niliona ni mateso tu: wenzangu wanarudi na mandazi, miye nalinda kuku.

Siku moja nililia sana, mama akanieleza. Wazungu walikuja kupima udongo siku ya soko, nyumba zote zikiwa zimefungwa. Wakaandika kwamba hapa hakuna mutu. Babu alirudi na chumvi yake mukononi, akakuta ngombe za Muzungu mugeni ziko mu mihogo yake. Wazungu walipoenda na uhuru kufika, Leta, ni kusema serikali yetu wenyewe, ikatangaza kwamba udongo wote ni yake. Shamba ya babu akapewa mukubwa moja wa Leta, kisha mukubwa mwingine. Siye tulibaki na hii kidogo ya Mbunya, ku kilima.

"Basi weye ubaki," mama akamaliza. Nilibaki, lakini na hasira.

Sasa mutu moja mwenye makuta, feza ya migodi ya zahabu ya Mongbwalu, ameomba hata hii kidogo. Sheria inataka watu wa Leta waje kwanza kutazama kama udongo haina mwenyewe. Na sehemu ya juu tulikuwa tumeipumzisha. Kwa macho ni nyasi tu. Walituambia watakuja Ijumaa, si siku ya soko. Eh! Familia yetu inajua siku wanayoipenda. Mama ni muzee, miguu haitaki tena kupanda. Siku ya soko nikabeba mbabula ya makaa na sufuria, nikaenda kukaa mu zile nyasi.

Wakafika kweli, wawili.

"Mama, unafanya nini mu pori?" mukubwa wao akauliza.

"Pori gani? Ni shamba imelala. Papa, weye ukilala, wanauza kitanda yako?"

Mwenzake akacheka. Mukubwa yeye hapana, akatoa kalamu. Hasira ikanipanda. Nikatoa kiazi mu sufuria, nikamuwekea mu sahani.

"Kula kwanza. Nimekichimba hapa, chini ya nyasi, kilibaki tangu tulipolima. Pori haipandi viazi. Ukishiba, andika kwamba hakuna mutu."

Alikula. Alikuwa na njaa, masikini. Kisha akauliza jina ya mama yangu, mwenye shamba, akaliandika polepole. Wakasema kazi ya kutazama bado haijaisha, watarudi siku ingine, bila kutuambia.

Warudi tu. Watanikuta.