Mmanga Kapewa Likizo

Mmanga Kheir alianza kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Shangani kabla hajaoa, na likizo hakuwahi kuiona. Akiumwa alikatwa mshahara. Sikukuu ikifika, akishasali tu anakwenda kazini. Asubuhi moja redio ya chumba cha kufulia ilikuwa ikieleza sheria za kazi, akasikia kuwa mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka, tena ya malipo. Akaizima pasi, akaenda ofisini.

Meneja, Bi Nadhira, alikuwa mgeni pale. Alilipekua faili la Mmanga.

"Ni kweli, Bwana Mmanga. Ni haki yako. Nenda kapumzike."

"Na mshahara?"

"Uko palepale."

Alifika kwake Amani mchana. Mkewe, Wanu, alipomuona mlangoni saa zile aliacha kukuna nazi.

"Baba Sabri, umefukuzwa?"

"Sikufukuzwa. Nimepewa likizo, na nnalipwa."

"Unalipwa kwa kukaa nyumbani?" Wanu alimtazama kwa huruma. "Niambie kweli tu, mume wangu. Ntastahamili."

Kila alipoeleza, ndipo Wanu alipozidi kumhurumia. Jioni jirani yao, Bi Thuwaiba, alileta bakuli la wali wa nazi na samaki, akamwombea kazi nyingine. Kesho yake mwenye duka akawaambia wachukue unga, watalipa watakapojaaliwa. Mmanga alishachoka kubisha. Wali aliula, na ulikuwa mtamu.

Mwezi ulipoisha, ujumbe wa mshahara ukaingia kwenye simu. Wanu aliusoma kimya, akausoma tena kwa sauti, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi twende kwetu Uroa kabla likizo haijaisha," alisema. "Tangu harusi hujalala kule."

Uroa Mmanga alilala mpaka jua likapanda. Watoto walipopiga kelele uani, mama mkwe aliwanyamazisha: "Mwacheni, huyo yuko kazini."

Shemeji yake, Hasan, mtunza bustani wa hoteli ya ufukweni, hakuacha kuuliza.

"Hiyo sheria si ya mjini tu?"

"Ya Unguja nzima, na Pemba."

Jumatatu Hasan alikwenda kumuona bosi wake. Alirudi adhuhuri akitabasamu, akamwambia dada yake amtayarishie godoro Amani, kwani mwezi ujao atakuwa mgeni wao.