Mkwe Asiyeingia Nyumbani

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile nimeyaacha yaende. Bunduki zilikuwa zimenyamaza Bunia, lakini watu bado walilala mizigo ikiwa imefungwa. Mimi na mama yako tulipanga chumba kimoja mtaa wa Saio. Hatukuwa tumeoana. Tulikutana tukikimbia vita, tukahurumiana, tukaanza kuishi. Watu waliyaita maisha hayo "yaka tofanda", yaani njoo tukae, na vijana wa namna hiyo tulikuwa wengi.

Baba yake, Papa Ngabu, alikuwa mkulima wa Djugu aliyepoteza shamba. Kila Jumamosi alileta sombe, majani ya muhogo, akasimama uani na kumwita binti yake. Hakuvuka mlango. Maji yetu hakuyanywa, alikuja na chupa yake. Nami nilijificha ndani. Nilikuwa kijana wa haya, shule yangu iliishia msingi, na mbele ya wazee ulimi ulinilemea. Nikajisemea: anataka ng'ombe wa mahari, nami sina hata kuku.

Kisha akazaliwa mtoto wetu wa kwanza. Papa Ngabu alimtazama kutoka uani, hakumshika, akaenda zake. Mama yako akanigeukia.

"Baba yangu haiko simba. Mutoto atakosa babu juu ya haya yako?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimezaa, na bado najificha. Basi nikachukua daftari. Mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja ulinilia siku tatu. Jumamosi nikatoka, nikampa barua kwa mikono miwili, nikageuka nirudi ndani.

"Ngoja," akasema. "Macho yangu na karatasi hayapatane. Soma weye."

Nikasoma nikitetemeka. Nilikuwa nimeandika kwamba namwomba binti yake, kwamba ng'ombe sina, nina jembe moja na mikono miwili, na kwamba natamani kumwita baba. Majirani waliacha kufua.

"Ile fasi ya jembe, rudilia."

Nikarudia pale pa jembe. Mzee akacheka.

"Nilizani mutoto wangu anaishi na bubu. Ng'ombe? Zangu zililiwa na vita, nitakuuliza zako? Nilikuwa nangoja muntu wa kuniomba. Leta maji."

Akaingia. Akanywa kikombe chote, ndipo akampokea mjukuu wake.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani kwake. Papa Ngabu akapanda mbele, akafungua Biblia, akasoma somo zima bila miwani, bila kukwama. Mama yako alicheka mpaka akajifunika kitenge. Tangu siku ile sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu mzee yule.

Wenye elimu husema ndoa zinapungua kwa sababu ya vita, umaskini na maisha ya mji. Ni kweli, nami niliyaona. Lakini na haya ina sehemu yake, na watu hawaisemi. Siwezi kuwatupia mawe wanaoishi kama nilivyoishi. Nasema hili tu: usingoje ng'ombe ndipo uonane na baba wa binti unayekaa naye. Nenda kwanza, umwombe kwa mdomo wako, hata ukitetemeka. Mahari itafuata miguu yako, hata kama ni jembe.

Mungu akupe ulimi siku utakapouhitaji, mwanangu, na wakwe zako wanywe maji ya nyumba yako.