Mjuzi wa Magari wa Amu

Hapa Amu, barazani petu, mjuzi wa magari ni mimi. Foksiwageni ya zamani injini iko nyuma, Landrova kuukuu huyashinda haya mapya ya kompyuta, na anayebisha sikai naye.

Juzi nilivuka bahari hadi Mokowe, bara, na baba mkwe, Bwana Omari, kupokea gari lake jipya.

"Mjuzi, tupeleke shambani," akasema, akanipa ufunguo.

Ningemwambiaje kwamba sijapata kuendesha kitu ila punda? Nikaliwasha, nikasukuma gia. Likaanza kwenda lenyewe, likielekea baharini! Nikaukamata usukani, nikauvuta kifuani kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele, "Simama, we!"

Bwana Omari akavuta breki ya mkono, akanitazama.

"Mjuzi," akauliza, "na majani litakula saa ngapi?"