Mstari wa Nne wa Mfaume

Kijakazi, shoga yangu wa hapa Utende, hakusoma. Mimi nilimaliza darasa la saba, basi barua zake zote zilipita mikononi mwangu. Miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanza na nyavu za kukokota zikakatazwa, mchumba wake Mfaume, mvuvi, alikwenda Kilindoni kufyatua matofali. Huko akamwandikia shairi. Tulikuwa tunafunga mwani kwenye kamba, akanipa karatasi kwa mkono wenye maji. Nikamsomea:

Nimefika Kilindoni,
Jina lako mdomoni,
Hata nikiwa kazini,
U moyoni.

“Basi?” akauliza.

“Basi.”

“Mbona fupi hivyo? Hebu lipime, wewe msomi.”

Nikahesabu mizani kwa vidole, kama tulivyofundishwa. Mistari mitatu, nane nane. Wa nne, mizani nne tu. Vina vilikuwa sawa, lakini mimi nikaushikilia ule upungufu. “Shoga, hapa pamekatika. Mwenye mapenzi hachoki mstari wa nne. Huyu ana lake jambo.”

“Labda wino umemwishia!” Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kijakazi hakuijibu barua ile. Mfaume alingoja mpaka Ramadhani ikapita, kisha akaoa mke mwingine huko Miburani. Kijakazi akaolewa na Ussi, akaachwa, akarudi kwenye mwani wake. Hajanung'unika hata siku moja.

Mwaka jana Mwalimu Laurencia, mpangaji wangu, alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Nikamsomea lile shairi, maana halijanitoka kichwani, nikamwonyesha na kasoro yake.

“Si kasoro, mama,” akasema. “Ni mtindo. Mshairi hufupisha mstari wa mwisho makusudi, ili neno lake zito libaki peke yake.”

U moyoni. Nilihesabu mizani, neno lenyewe sikulisikia.

Nimeswali, nimeomba toba. Lakini haki ya mja haifutwi kwa sijda zangu. Lazima umwendee mwenyewe uliyemkosea. Nami nilikawia miezi minane, kwa woga tu. Juzi, baada ya sala ya Ijumaa, nikamwendea Kijakazi, nikamweleza yote huku nalia.

Aliendelea kuanika mwani. Halafu akasema, “Na darasa lako la saba, Mwanaharusi!”

“Nisamehe, shoga.”

“Kwanza lisome tena.”

Nikalisoma. Nilipofika mstari wa nne akanishika mkono.

“Hapo polepole,” akasema. “Mara ile ulipakimbia.”