Watu Hawahesabiwi

Mama yangu aliuza muthokoi, chakula chetu Wakamba, pale Kibwezi miaka ishirini na kitu, na sijawahi kuona chakula chake kikibaki wala kikipungua. Majirani wenye hoteli walikuwa wakimwaga wali uliochacha kila jioni. Mama, saa tisa mchana, mteja wa mwisho akijifuta mdomo, tayari alikuwa anasugua sufuria tupu. Watu walisema ana bahati. Mchungaji wetu aliwahi kumtaja kanisani kama mtu aliyebarikiwa, na mama akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

Mimi nilijua si bahati, kwa sababu nilikuwa namwona akipima.

Hoteli yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza sita, jikoni nyuma, na kando yake stoo ndogo ya magunia. Kila siku saa kumi alasiri mama aliingia stoo na beseni, akapiga magoti mbele ya gunia la mahindi yaliyokobolewa, achote ya kuloweka, yapikwe kesho yake pamoja na mbaazi. Hakutumia mkebe. Alichota kwa mkono, konzi moja kwa kila mtu atakayekula kesho, na kila konzi aliitajia mwenyewe kwa sauti ya chini. "Ya fundi wa viatu. Ya mwalimu. Ya yule dereva wa macho mekundu. Ya mgeni. Ya mgeni mwingine." Wageni aliwajuaje kabla hawajafika? Nilimuuliza mara moja, akaniambia niende nikamenye vitunguu. Mwisho kabisa ilikuwa "ya baba yenu", kisha "yangu", kisha anafunga gunia.

Hakuhesabu. Kwetu mtu hahesabu watoto wake wala mbuzi wake. Ukiulizwa una wangapi, unasema wapo, inatosha. Mama aliishika desturi hiyo hadi kwa wateja.

Nilikuwa na miaka kumi, hodari wa hesabu, na kiherehere tele. Alasiri moja nilisimama mlangoni mwa stoo nikahesabu konzi zake kimoyomoyo, hadi nikashindwa kujizuia. "Thelathini na moja!" nikapiga kelele, nikingoja kusifiwa.

Mkono wake ulibaki hewani. Alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Ya mzee wa mbuzi." Huyo alikuwa Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, aliyeleta mbuzi kila siku ya soko, mpole, mwenye ndevu za hina. Mama alimpikia kando, kwenye kisufuria ambacho hakijawahi kuguswa na nyama, naye mzee siku zote alikula amefumba macho. Sasa vidole vya mama vilifunguka polepole na mahindi yakarudi guniani. Kisha akanizaba kofi.

"Nani amekutuma kuhesabu watu? Watu hawahesabiwi!"

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Kisufuria kilikaa kwenye msumari wake. Adhuhuri wenzake mzee walifika na mbuzi, bila yeye. Alikuwa amepumzika njiani kidogo, wakasema, na walipomwamsha hakuamka. Mama hakushtuka. Aliwamiminia chai, akawapa pole. Mimi nilitapika nyuma ya jikoni.

Kwa miaka mingi niliamini nimemuua mtu kwa hesabu. Mama hakusema ni mimi, wala hakusema si mimi, na kwa hilo bado namkasirikia hadi leo. Neno moja tu lingetosha. Ungedhani nitaacha kuhesabu, lakini ikawa kinyume: nikawa siwezi kukaa mahali bila kuhesabu. Nguzo za stima, ngazi, vichwa kanisani. Nahesabu halafu naogopa.

Nilikua, nikaolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani na mabegi mawili. Baba ndiye aliyekuwa akisukuma chapati pale hotelini. Mwaka uleule kifua kilimbana akalazwa hospitalini mjini Wote, na daktari akatuambia tujiandae. Mama hakujiandaa kwa lolote. Aliendelea kumpimia. Muthokoi yake iliwekwa kwenye bakuli lenye kifuniko, dereva mmoja mteja wetu akaipeleka Wote kila mchana.

Kila alasiri nilijibanza nje ya stoo kusikiliza kama baba atatajwa. Nikisikia "ya baba yenu", napumua. Sikuthubutu kuchungulia. Wiki ile mama hakula mchana hata siku moja. Alisema tumbo limejaa gesi.

Jumapili alikwenda kumwona, akarudi jioni. Jumatatu saa kumi nilishindwa kuvumilia, nikasukuma mlango kidogo. Nikahesabu. Moyoni tu, bila sauti, ili niwe na uhakika kwamba baba yumo. Zilifika ishirini na nane.

"Ya baba yenu," mama akasema, mkono ukiwa ndani ya gunia. Ulikaa humo muda mrefu. Nilisikia punje zikisogea, zikatulia, zikasogea tena. Kisha ukatoka umejaa, akaimwaga konzi kwenye beseni haraka. Ishirini na tisa. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Yangu," akasema.

Mkono uliingia ukatoka mtupu. Hakuukunjua makusudi, niliona vidole vikifumba juu ya mahindi, niliona, na vilipotoka havikuwa na kitu. Aliutazama ule mkono, mweupe kwa vumbi, akaupangusa kwenye leso.

"Umeona nini?" akauliza bila kugeuka.

"Sijaona kitu, Mwaitu."

"Sawa, mwiitu wakwa, binti yangu." Akafungua fundo la leso, akanipa ufunguo wa stoo. "Hili gunia ukilikalisha chini linaota ukungu. Weka mbao."

Jumanne alipakua mwenyewe. Bakuli la baba likaondoka. Sahani ya mwisho ilipotoka, mama alikaa meza ya dirishani, hana chakula mbele yake, kidevu kwenye kiganja. Wateja walipita polepole wasimsumbue, wakidhani amesinzia. Mimi ndiye niliyemgusa. Jikoni, sufuria ilikuwa imekombwa kabisa.

Baba alifika mazishini akitembea kwa miguu yake.

Sasa hoteli ni yangu. Napima kwa mkebe, wa bati, wenye makali mdomoni, na chakula hubaki kila siku, na kuku wangu ndio wanene kuliko wote mtaani. Juzi afisa mmoja alikuja na fomu: unahudumia watu wangapi kwa siku? Nikaandika, "Wapo." Akanitazama kama mwenda wazimu.

Baba hula hapa kila mchana na hajawahi kubakisha punje. Mwezi uliopita alikuwa na homa, anatetemeka, na bado anajilazimisha kijiko baada ya kijiko. Nikamwambia, "Baba, kama haipiti, wacha."

"Hii siwezi kuwacha."

Labda ni vile alivyosema. Nilivuta kiti nikamwambia yote: mzee wa mbuzi, mlango wa stoo, ishirini na tisa. Nikamwambia nilimhesabu mama akafa. Nililia wateja wakiniangalia.

Baba aliweka kijiko chini.

"Kuhesabu haikufanya kitu," akasema. "Ile Jumapili alinikuta hospitali akaniambia mkono umekataa yangu. Kila siku anajaribu, anatoa mkono mtupu. Nikamwambia basi, kama ni saa yangu ni yangu. Akaniuliza, 'Na hiyo unakula kila siku unafikiri ni ya nani?'"

Nikakumbuka lile tumbo lililojaa gesi.

"Akasema, 'Yangu bado inatoka. Utakula hiyo.' Nilikataa. Unajua mama yako. Hii ninayokula hadi leo ni ya kwake."

Akashika kijiko tena. Punje mbili zikaanguka mezani, akaziokota kwa kidole akazitia mdomoni. Nilikaa nikamwangalia akila hadi akamaliza, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi, sikuhesabu.