Mama, Babu na Mtumbwi Mmoja

Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi hunirudisha kijijini kwetu Makwale, kwenye mguu wa babu. Kidonda chake kilinuka hivyo hivyo, utamu uliooza. Babu, mzaa baba, alikuwa askari wa Wajerumani, akarudi na risasi gotini na mfuko wa chumvi. Chumvi tuliimaliza upesi, lakini hiyo ni habari nyingine. Masika yale maji yalifunika njia, na baba na ndugu zake walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya boma. Majirani wakasema mguu ule usipopata dawa ya bandarini Mwaya, babu haoni mavuno. Wa kupiga kasia alibaki mama tu, na hapo ndipo penye shida. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona njiani anajitosa migombani. Na mtumbwi ulikuwa mmoja.

Mama alijifunika kaniki usoni, akakaa nyuma na kasia. Babu mbele, amempa mgongo. Mimi, binti wa miaka saba hivi, katikati. "Mwambie mama yako anatupeleka kwenye matete," babu akasema. "Mwambie babu yako, mwenye macho aseme mapema," mama akajibu. Nikawa narudia kila neno, ingawa wote walisikia, nikajiona mkubwa kama chifu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wa kwetu aliulizwa barua. Msaidizi wa daktari pale Mwaya hakuutazama hata mguu. "Jeshi umeliacha, mzee. Leta barua ya boma la mlimani, ndipo nifungue dawa." Babu akamwambia, "Ningeweza kupanda mlima, ningekuja kwako kufanya nini?" Watu wakacheka, msaidizi naye akacheka, dawa hakutoa. Mama alikuwa amesimama mbali, nyuma ya wanawake wauza vyungu. Akaitoa kaniki usoni, akaichana, akaomba maji ya moto kwa wale wanawake, akaja akapiga magoti, akauosha mguu wa mkwewe mchana kweupe. Babu alifumba macho, sijui kwa maumivu au kwa aibu. Kisha akasema, "Ndaga, mwanangu." Alimshukuru mwenyewe, bila kunipitia mimi. Nikalia. Nilidhani nimefukuzwa kazi.

Babu aliyaona mavuno yale, ya pili hakuyaona. Wazee walisema mwiko ndio uliomuua. Baba aliporudi alisema ni barua. Mimi nimezeeka katikati yao, sijui nimfuate nani, maana mama aliweza kuvunja mwiko wa mababu, na yule msaidizi alishindwa kuvunja wa karatasi, naye ndiye aliyesoma. Siku hizi zahanati ipo karibu, hata kwa mkongojo unafika. Kijana wa jirani yangu amerudi vitani na paja bovu, na juzi pale zahanati wamemwambia alete kwanza barua kutoka Mbeya. Ananisimulia huku kafunika paja lake kwa shuka, anaona haya, maana amemwoa binti yangu, mimi ni mama mkwe wake. Nimemwambia afunue. Maji yako jikoni, yanachemka.