Mgeni Hawekwi Ndooni

Tangi la samaki la Bi Mahbuba, katika mtaa wa Azaiba, Uarabuni, lilikuwa refu kuliko kochi lake. Bakteria walikuwa wamewaozesha samaki mapezi hadi akabaki mmoja tu, yule mkubwa wa rangi ya chungwa aliyeachwa na marehemu mumewe. Josphat, fundi wa matangi kutoka Nakuru, alimtibu mpaka akapona. Ugonjwa uliletwa na samaki wa zawadi, na zawadi katika nyumba ile hazikatiki.

"Mama, samaki mgeni akae kwa ndoo kwanza, tuone kama ni mgonjwa."

"Ndooni? Mwanangu, mimi hata ukoo wa mume wangu Hamood nnawakaribisha majlisi, na wale nnawajua."

Josphat hakubishana. Alileta tangi dogo, akaliita majlisi, chumba cha wageni. Bi Mahbuba alifurahi mno, akalifukizia udi. Shemeji yake alipoleta samaki mwingine, Bi Mahbuba alimtia humo, na Josphat akajiona mwanadiplomasia.

Wiki iliyofuata alirudi, akakuta tangi kubwa linazungusha maji matupu. Katika lile dogo, samaki wa marehemu alikuwa ubavu kwa ubavu na mgeni, ambaye mkia wake ulikwisha kuanza kuoza.

"Mama! Huyu mzee amefikaje hapa?"

"Nlimhamisha mimi. Mgeni haachwi peke yake, mwanangu. Mwenyeji huenda kumzungumzisha."

Josphat akafungua mkoba, akatoa chupa ya dawa ile ile.

"Na kahawa utakunywa," akasema Bi Mahbuba. Halikuwa swali.